Video Isipocheza, Usipokee Dawa ya Mpita Njia

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuliona jambo hili. Umefungua ukurasa wa zamani katika kompyuta, labda somo la watoto, labda nyimbo za kwaya zilizowekwa mtandaoni na jamaa walio mbali, labda hotuba ya miaka ishirini iliyopita, na mahali palipopasa kuwa na picha ziendazo unaona kisanduku cha kijivu tu. Ndani yake mna alama ndogo ya kipande cha fumbo, na maneno yasemayo kwamba programu-jalizi haipo, au haikubaliwi, au yakupasa uiongeze ndipo uendelee. Na mara nyingi, chini ya maneno hayo, pana kitufe kikubwa cha rangi ya kupendeza: bofya hapa.

Usibofye. Kwanza tuzungumze.

Kitufe kile kimewapotezea watu wengi faili zao na fedha zao, na wale waliosalimika hawakupata faida yoyote. Maana programu kinayoiahidi imekwisha kufa. Haikufa katika kompyuta yako peke yake. Imekufa katika nyumba zote, na kwa jirani yako pia haichezi. Lakini kitu ulichokuja kukitafuta, yaani ile sauti au ile picha, mara nyingi kingali hai, tena kipo karibu. Yafaa basi tujue jinsi ya kukifikia pasipo kumfungulia mwizi mlango.

Hapo mwanzo kivinjari, yaani ile programu tunayoitumia kufungua kurasa za mtandao, kama vile Chrome au Firefox, kilijua kusoma maandishi na kuonyesha picha zilizotulia, basi. Kilikuwa kama redio isiyo na mahali pa kutia kaseti. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ya Marekani ilibuni njia ya kuchomeka vipande vya programu za watu wengine ndani ya kivinjari chake, na vipande hivyo ndivyo viitwavyo programu-jalizi. Ndivyo ilivyoingia RealPlayer kwa sauti, na QuickTime ya kampuni ya Apple kwa filamu, na Windows Media Player ya Microsoft, na Java, na baadaye sana, mwaka 2007, Silverlight. Lakini iliyozipita zote kwa kuenea ni Flash. Ilianza kwa jina la FutureSplash, ikanunuliwa na kampuni ya Macromedia mwishoni mwa 1996, kisha mwaka 2005 Adobe wakainunua Macromedia yenyewe. YouTube ilipofungua milango yake mwaka huo huo wa 2005, video zake zilichezwa kwa Flash. Michezo ya watoto, masomo ya shule, matangazo ya biashara, hata fomu za serikali, vyote viliandikwa kwa Flash.

Ubaya wa mpango ule ulikuwa huu. Programu-jalizi haikuwa sehemu ya kivinjari; ilikuwa mgeni aliyepewa chumba ndani ya nyumba na ufunguo wa mlango wa nje. Iliweza kusoma na kuandika katika kompyuta karibu sawa na mwenye kompyuta. Palipopatikana tundu katika Flash au Java, mwizi alipita humo akafika hata kwenye faili za mwenyewe. Na matundu hayakuisha: karibu kila mwezi yalizibwa, na mwezi uliofuata yakaonekana mengine.

Mwezi wa Aprili 2010 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alitoa barua ya wazi akieleza kwa nini simu zake za iPhone hazingepokea Flash. Alitaja usalama, alitaja betri inayokwisha upesi, alitaja kwamba simu yaguswa kwa kidole hali Flash ilitengenezwa kwa ajili ya kipanya. Wengi walimwona kuwa na kiburi, na labda alikuwa nacho, lakini kwa habari ya jambo lenyewe hakukosea. Oktoba 2014 kanuni mpya za kuandika kurasa, ziitwazo HTML5, zilipitishwa rasmi, na kwa kanuni hizo video na sauti ni vitu ambavyo kivinjari huvicheza chenyewe, pasipo kumwita mgeni. Januari 2015 YouTube ikaanza kucheza video kwa njia hiyo mpya kwanza. Septemba mwaka huo Chrome ikaufunga kabisa mlango wa programu-jalizi za namna ya kale. Firefox ikafuata Machi 2017, ikiiacha Flash peke yake. Ndipo Julai 2017 Adobe wenyewe wakatangaza kwamba wataizika Flash, wakawapa watu miaka mitatu na zaidi ya kujiandaa. Tarehe 31 Desemba 2020 matunzo yakakoma, na tarehe 12 Januari 2021 zile Flash zilizosalia katika kompyuta za watu zikaanza kukataa kazi zenyewe, maana ndani yake zilikuwa zimetegwa saa. Silverlight nayo ikakoma kutunzwa tarehe 12 Oktoba mwaka huo huo.

Waweza kudhani kwamba walioshikwa na jambo hilo ni watu wa nyumbani tu, wasiosoma matangazo. La. Katika Afrika Kusini mamlaka ya mapato, SARS, ilikuwa ikipokea fomu za kodi kwa mtandao, na baadhi ya fomu hizo zilikuwa bado za Flash. Ilipofika tarehe ile ya Januari hazikufunguka. Mwishoni mwa mwezi huo mamlaka ikatoa kivinjari chake yenyewe, chenye Flash ndani, ili walipa kodi wapate kutimiza wajibu wao. Watu wa kompyuta duniani walicheka sana. Mimi naona kicheko kilizidi kidogo. Ni kweli kwamba fomu zilipaswa kuwa zimeandikwa upya mapema. Lakini siku ile ya msiba, afadhali yeye aliyewapa watu kitu chake mwenyewe kuliko ambaye angewaambia waitafute Flash popote watakapoiona. Maana huko popote ndiko wezi walikokaa.

Na wezi hawakungoja Flash ife. Tarehe 24 Oktoba 2017 watu wa Urusi na Ukraine waliofungua tovuti za habari walizozizoea waliona ujumbe kwamba Flash yao imepitwa na wakati, nao waibofye ipate kufanywa upya. Tovuti zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa zimevamiwa. Aliyepakua programu ile na kuikubali alikuta faili zake zimefungwa kwa kufuli asiyoweza kuifungua, na maandishi kwenye kioo yakimdai sehemu 0.05 ya bitcoin, ambayo kwa siku zile ilikuwa kama dola 280. Ugonjwa huo uliitwa Bad Rabbit. Shirika la habari la Interfax la Urusi lilipigwa, na uwanja wa ndege wa Odessa, na reli ya chini ya ardhi ya Kiev. Angalia vema, msomaji: kompyuta ya kwanza katika kila ofisi haikuvunjwa. Mwenyewe aliufungua mlango kwa mkono wake, akidhani anafanya jambo la busara.

Wenye kompyuta za Apple hupenda kusema kwamba hayo ni ya wenzao wa Windows. Basi wasikie nao. Mwaka 2011 programu mbaya iitwayo Flashback ilijifanya kuwa Flash, na kufikia Aprili 2012, baada ya kupata pia tundu katika Java, ilikuwa imekwisha kuingia katika kompyuta za Apple zaidi ya 600,000. Tangu 2018 ikaja nyingine, Shlayer, kwa hila ile ile ya Flash ya uongo.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani ni fupi, hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuishika: Flash mpya haipo. Kuna toleo la pekee lililobakizwa kwa ajili ya China, na mashirika makubwa yaliweza kulipia matunzo yao wenyewe, lakini hayo hayakuhusu wewe wala mimi. Anayekupa Flash mpya leo anakudanganya. Vivyo hivyo anayekuambia kwamba ili uone filamu yake yakupasa kwanza uweke kichezaji chake, au kodeki yake, au ubofye neno la kumruhusu akutumie arifa. Hiyo ya mwisho watu huipuuza, kumbe ukishamruhusu atakujazia kioo matangazo ya uongo usiku na mchana.

Na kama mtu wa nyumbani mwako amekwisha kubofya, usimkaripie, maana mara ya pili atakuficha. Ondoa kompyuta katika mtandao upesi. Kama ni Windows, fungua ile programu ya ulinzi iliyomo ndani yake na uiamuru ikague kompyuta nzima, si kwa haraka haraka. Tazama orodha ya programu zilizowekwa siku hiyo, ondoa usiyoijua. Kisha, ukitumia kifaa kingine kisicho na shaka, badilisha neno la siri la barua pepe na la benki. Faili zikiwa zimekwisha kufungwa, usilipe kabla ya kuuliza fundi anayeaminika. Pengine ufunguo wa ugonjwa huo umekwisha kupatikana na hutolewa bure.

Haya, mpita njia tumemfukuza. Mgonjwa bado amelala.

Jambo la kwanza ni kujua ugonjwa uko wapi, kwako au kwenye ukurasa. Fungua video nyingine yoyote katika tovuti nyingine unayoijua kuwa nzima. Ikicheza, kompyuta yako ni salama, na lawama ni ya ukurasa ule. Isipocheza, basi usihangaike na ukurasa; hangaika na kompyuta. Ni jambo jepesi hili, lakini nimeona watu wakipoteza mchana mzima wakitengeneza kisichovunjika kwa sababu hawakuanza hapa.

Tuseme lawama ni ya kompyuta. Tazama saa yake. Ndiyo, saa, ile iliyo pembeni chini ya kioo. Katika ofisi nyingi na shule nyingi zina kompyuta za siku nyingi, na ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, iandikwayo CR2032, ambayo kazi yake ni kutunza saa umeme ukizimwa. Betri hiyo hufa baada ya miaka kadhaa. Umeme ukikatika, kompyuta huamka asubuhi ikidhani ni tarehe 1 Januari ya mwaka ilipotengenezwa. Sasa, tovuti nzuri za siku hizi huja na hati ya kuthibitisha kwamba ndizo kweli, na kila hati ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani kwamba ni mwaka 2009 huiona hati ya mwaka huu kuwa bado haijaanza, nayo huikataa. Pengine ukurasa wote hukataliwa, na hapo utaona onyo. Lakini pengine ukurasa umefunguka kwa sababu ulihifadhiwa tangu jana, na video peke yake, itokayo mahali pengine, ndiyo inayokataliwa, nawe hupewi sababu. Ukiisahihisha saa, video hucheza. Kesho umeme ukikatika, ugonjwa hurudi, na watu husema kompyuta ina pepo. Badilisha betri, duka lolote la saa au la vifaa vya umeme huwa nayo.

Baada ya saa, tazama umri wa kivinjari. Chrome iliacha kuihudumia Windows 7 baada ya toleo la 109, la Januari 2023. Firefox iliendelea kuitunza kwa toleo lake la 115 baada ya Chrome kuondoka. Kwa Windows XP, Chrome ilikoma tangu toleo la 49, mwaka 2016. Kivinjari cha zamani namna hiyo hukutana na video zilizofungwa kwa namna mpya ambazo hakijapata kuziona, kikanyamaza. Na kama kuna mtu angali anafungua mtandao kwa Internet Explorer, aelewe kwamba Microsoft waliistaafisha tarehe 15 Juni 2022, na hakuna dawa ya kuitia.

Kisha yale madogo. Tangu 2018 Chrome haikubali video yenye sauti ianze yenyewe pasipo kuguswa, hivyo pengine video yako ni nzima, inangoja tu uibofye. Pengine kichupo kimenyamazishwa: tazama alama ya spika juu kabisa ya ukurasa. Pengine kiendelezi kimoja, hasa vile vinavyozuia matangazo, kimeizuia na video pamoja. Fungua ukurasa huo huo katika dirisha la faragha, ambamo kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi, uone kama kuna tofauti. Na kama sauti yasikika lakini picha ni nyeusi au ya kijani kibichi, ingia katika mipangilio ya kivinjari, sehemu ya mfumo, uzime ile ruhusa ya kutumia kadi ya picha, kisha ukifungue upya.

Sasa tuje kwenye ukurasa wa zamani, maana huko ndiko kuna mambo.

Watu hudhani kwamba ukurasa usipocheza, wimbo umepotea. Sivyo. Ukurasa ni meza, na wimbo ni sahani iliyowekwa juu yake. Meza yaweza kuvunjika mguu na chakula kikawa kizima. Bonyeza Ctrl pamoja na herufi U. Utaletewa maandishi mengi ya ajabu: usiogope, hayo ndiyo maandishi ya ukurasa kabla ya kupambwa. Bonyeza Ctrl na F, utafute vifupisho hivi kimoja kimoja, kila kimoja kikitanguliwa na nukta: mp3, mp4, wma, wmv, mov, rm, ram, asx, flv, swf. Ukikuta kimoja, mbele yake pana anwani, na anwani hiyo ndiyo sahani.

Kama ni mp3 au mp4, inakili anwani, uiweke juu mahali pa kuandikia anwani, nayo itacheza mara moja; ni ajabu jinsi kurasa nyingi zilizokufa zilivyo na mp3 nzima ndani. Kama ni wma, wmv, mov, rm au flv, pakua faili yenyewe, uifungue kwa programu iitwayo VLC. Hii ilianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo cha École Centrale cha Paris, Ufaransa, na tangu 2001 hutolewa bure kwa kila mtu, na mtu aweza hata kuutazama ufundi wake wa ndani. Ichukue katika tovuti yake yenyewe, videolan.org, si mahali pengine, kwa sababu zile zile tulizozieleza. VLC haichomekwi katika kivinjari kwa kazi hii. Husimama peke yake, hufungua faili uliyoichagua wewe, na ukiifunga imefungwa. Video nyingi za siku za Flash zilikuwa flv tu, na Flash ilikuwa fremu iliyozizunguka.

Lakini kifupisho cha ram chahitaji neno la pekee, maana hicho kimewadanganya wengi. Mtu apakua faili ya ram, aona ni ndogo mno, asema imeharibika, aitupa. Kumbe si wimbo. Ni bahasha. Ukiifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, ile Notepad, utakuta mstari mmoja tu, nao ni anwani ya mahali wimbo wenyewe ulipo, kwa kawaida faili iishiayo kwa rm au ra. Faili za asx na m3u ni vivyo hivyo. Anwani ikianza kwa http, ifuate upakue. Ikianza kwa rtsp, ifungue katika VLC mahali pa kufungulia anwani za mtandao, maana Chrome haiijui lugha hiyo. Hapo waweza kukuta kwamba mashine iliyokuwa ikitoa wimbo imezimwa siku nyingi, na hilo huwezi kulitengeneza kutoka kwako.

Hata hivyo usikate tamaa kabla ya kubisha hodi mahali pamoja zaidi. Katika mji wa San Francisco, Marekani, kuna maktaba iitwayo Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambayo kazi yake mojawapo ni kutunza nakala za kurasa za mtandao kabla hazijapotea. Watu wote waliruhusiwa kuzitazama tangu 2001. Anwani yake ni web.archive.org. Weka humo anwani ya ukurasa wako, au ya faili yenyewe uliyoikuta katika bahasha, kisha uchague mwaka. Mara nyingi utapata maandishi bila sauti. Lakini mara nyingine utapata na sauti.

Imebaki swf, ambayo ndiyo Flash halisi: michezo, katuni, masomo yenye vitu vya kusogezwa. Hiyo VLC haiwezi. Lakini kuna watu wa kujitolea waliotengeneza programu iitwayo Ruffle, ambayo huisoma Flash pasipo kuwa Flash. Tofauti yake na ile ya kale ni kubwa: Ruffle katika kivinjari hukaa ndani ya uzio ule ule wa kivinjari, haina ufunguo wa mlango wa nje. Internet Archive ilianza kuitumia Novemba 2020, na maelfu ya katuni za zamani yakafufuka humo. Waweza kuipata kwenye tovuti yake, ruffle.rs, au katika duka la viendelezi la kivinjari chako. Vitu vya Flash vya miaka ya mwanzo huenda vizuri. Vile vya baada ya 2006, vilivyoandikwa kwa lugha ya tatu ya Flash, pengine huenda na pengine hukwama katikati. Kikikwama, usirudi kwa mpita njia.

Walimu nawaambia jambo jingine la faida. Kabla hujahangaika kufufua somo la kale, tazama kama wenyewe wamekwisha kuliandika upya. Mfano mzuri ni masomo ya sayansi ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Masomo yale ya awali yalikuwa ya Java na Flash, na katika shule nyingi yamo bado katika sidii zilizojaa vumbi, nayo hayafunguki. Lakini sehemu kubwa imekwisha kuandikwa upya kwa HTML5, hutolewa bure, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Tena waweza kulipakua somo moja kama faili moja, ukalibeba katika flashi mpaka shule isiyo na mtandao, likafunguka katika kivinjari cha kawaida. Mwanafunzi ataunganisha betri na taa kwenye kioo, taa ikawaka, hata kama darasani hamna betri hata moja.

Kwa habari ya filamu za kulipia, neno fupi tu. Humo imebaki programu-jalizi moja ya halali, kufuli la kuzuia kunakili, na lijulikanalo zaidi ni Widevine la Google. Hilo hutafuti popote. Huja na kivinjari. Likilalamika, fanya kivinjari kuwa kipya, na katika Firefox tazama katika mipangilio kama umeruhusu filamu zenye kufuli zichezwe.

Kuna pia ugonjwa mpya unaofanana na ule wa zamani. Jamaa amekutumia video ya arusi aliyoipiga kwa iPhone. Kwenye simu yake ni nzuri, kwenye kompyuta yako yasikika sauti na picha haipo, au mashine inakudai kodeki. Tangu 2017 simu hizo zaweza kuhifadhi video kwa namna iitwayo HEVC, ili zichukue nafasi ndogo, na baadhi ya kompyuta na vivinjari haviielewi namna hiyo. VLC huifungua. Na jamaa mwenyewe, akiingia katika mipangilio ya kamera, mahali pa namna za faili, akachagua ile inayopatana zaidi na vifaa vingine, video zake za kesho zitachezwa na kila mtu.

La mwisho lahusu vitu vyako mwenyewe. Kama katika kabati la nyumbani au la ofisi mna sidii au diski yenye nyimbo za kwaya, mahubiri, au sauti ya mzee aliyekwisha kufariki, na faili zake zaishia kwa rm, wma au mov, usingoje siku ya kuzihitaji. Zinakili kwanza katika kompyuta, maana sidii za kuandikwa nyumbani huharibika zikiwa zimekaa tu. Ndani ya VLC mna mahali pa kubadili faili: sauti igeuze kuwa mp3, video iwe mp4. Andika katika jina la faili ni nani anayesema au anayeimba, na mwaka, kabla wanaojua hawajasahau. Kisha ijaribu faili mpya katika simu ya mtu mwingine, uisikilize mpaka mwisho, si nusu dakika tu, kwa kuwa baadhi hukatika katikati. Ile ya zamani usiifute.